Maji ya Goma Hayafiki Mia

Wajukuu zangu, na ninyi watoto wa wenzangu mnaoamka kabla ya jogoo kuwasha makala kule Birere, Majengo, Ndosho na Kituku, maneno haya ni yenu. Nimefundisha fizikia katika mji huu kwa miaka mingi, na sasa miguu inanikataza kusimama mbele ya ubao. Lakini jicho bado linaona, na kuna mambo ya barabarani yanayoniuma kila nikipita.

Asubuhi moja ya manyunyu nilisimama kwenye meza ya binti mmoja anayeuza chai, si mbali na sanamu ya Chukudu. Mbabula yake ilikuwa imejaa makala mekundu, huo mkaa wa wenzetu wa pwani. Sufuria ilikuwa wazi, maji yanatokota hadi yanarukia pembeni, mvuke unapanda kama ukungu wa Masisi. Akachukua kipande kingine cha makala akakitia motoni. Nikamwuliza kwa nini anaongeza na maji yameshachemka. Akanijibu kwa heshima: “Mwalimu, wateja wa asubuhi wanataka chai inayounguza. Nikiongeza moto, maji yanakuwa moto zaidi.”

Mfukoni mwa koti ninatembea na kipimajoto cha kioo, kile chenye mstari mwekundu ndani, nilichokitunza tangu siku za maabara. Nikakitumbukiza. Mstari ukapanda, ukapita 80, ukapita 90, ukafika 95, ukasimama. Binti akapepea kwa nguvu. Makala yakawaka, maji yakaruka, tone likamchoma kidole. Mstari haukusogea hata unywele. Akainama akakitazama tena, akaniuliza kama kimeharibika.

“Hakijaharibika, mama,” nikamwambia. “Hapa ni Goma.”

Vitabu vya shule vinasema maji huchemka kwenye digrii 100, na havisemi uongo, ila vinasema habari za pwani. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu za kuinua uzito wa hewa iliyoyalalia kwa juu. Mombasa na Zanzibar, hapo baharini, hewa hiyo ni nzito, kwa hiyo maji yanahitaji kufika 100. Kinshasa wako juu kidogo, yanachemka karibu na 99. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa iliyo juu yetu ni chache zaidi, na maji yetu yanachemka kwenye 95 hivi. Ukipanda Nyiragongo hadi mdomoni, mita 3,470, yatachemka kabla hayajafika 90. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva, na ndiyo maana majani ya chai hapa yanataka kukaa ndani ya maji muda mrefu zaidi ndipo yatoe rangi na ladha. Chai ya Goma haikozwi na moto mkali. Inakozwa na subira.

Sasa yale makala ya ziada aliyotia yule binti yalikwenda wapi, ikiwa maji hayakuongezeka joto? Yalipanda mbinguni pamoja na mvuke. Hili ndilo linaloniuma. Kuyatoa maji kwenye ubaridi wa kawaida hadi kuchemka ni kazi ndogo. Kuyageuza kuwa mvuke ndiyo kazi kubwa. Kila lita moja inayoondoka sufuriani kama mvuke imebeba joto ambalo lingetosha kuchemsha lita 7 za maji mapya. Irudieni hesabu hiyo polepole, ninyi mnaonunua makala kwa kopo na kwa gunia. Mama anayeacha sufuria yake wazi tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi anamwaga faida yake hewani, kisha jioni anajiuliza pesa imeenda wapi.

Kifuniko kinarudisha mvuke ndani. Mvuke ukigusa kifuniko unageuka tena kuwa maji, na unapogeuka unarudisha lile joto lote uliloliiba. Maji yakishachemka, punguza moto, funika, acha yapumue taratibu. Yatabaki kwenye 95 ileile, kwa makala machache sana. Na makala hayo, msisahau yanatoka wapi. Sehemu kubwa ni miti ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na walinzi wengi wamekufa wakiulinda msitu ule. Kipande kimoja ulichokiokoa leo kina mti nyuma yake, na pengine kina mtu.

Mtu akisikia kwamba maji yetu hayafiki 100, anaweza kuogopa kwamba basi hayaui vijidudu. Hapana. Vijidudu vya kipindupindu hufa mapema, kabla hata maji hayajafika 95. Yakishatokota kwa nguvu, yaani mapovu makubwa yanapanda kutoka chini bila kukoma, dakika moja inatosha. Wale walio kwenye milima iliyopita mita 2,000, huko juu Masisi na Lubero, waongeze hadi dakika 3. Kisha yafunikwe, yapoe ndani ya chombo kilekile au kwenye bidoni safi, na asitumbukize mtu mkono wala kikombe ndani yake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi niliuona mwaka 1994. Mwezi wa saba, watu zaidi ya nusu milioni walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, wakajaa barabarani, Mugunga, Kibumba, Katale. Ardhi yetu ni mawe ya volkeno. Haikuchimbika choo, haikuchimbika kaburi. Ziwa lilikuwa karibu, watu wakachota wakanywa. Makumi ya maelfu walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu. Kuni zilikuwa hazipatikani kwa urahisi, na maji ambayo hayakuchemshwa yalionekana safi kabisa kwenye kikombe. Hadi leo nikiona kijana anachota ziwani pale Kituku anakunywa, mwili wangu unasisimka.

Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano, maji ya bomba na umeme vilipokatika mjini, watu walirudi tena ziwani na bidoni zao. Pale mnapowakuta wale vijana wanaotia klorini kwenye bidoni kando ya ziwa, wapeni nafasi wafanye kazi yao, subirini zamu yenu, na subirini dakika 30 kabla ya kunywa. Harufu ile ya dawa si sumu. Ni alama kwamba mtu amekujali.

Hapo niwageukie ninyi mnaouza vya baridi. Tangawizi yenu naipenda, na maji ya vifuko mnayowauzia abiria wa pikipiki yanasaidia wengi wenye kiu. Lakini wapo wanaoamini kwamba barafu inasafisha. Barafu haisafishi kitu. Ubaridi unamlaza mdudu usingizi, haumwui. Akiingia tumboni mwa mtu, kwenye joto la 37, anaamka. Maji ya kutengenezea barafu na juisi yachemshwe kwanza kama ya chai, ndipo yapozwe. Anayesema hana muda wa kuchemsha, asiuze. Nasema hivyo bila kupepesa macho.

Karibu na soko la Virunga kuna kijana ninayempenda kwa bidii yake. Anauza maji na soda za baridi, zile ambazo wengi wetu hapa tunaziita sukre, kutoka kwenye beseni lenye bonge la barafu. Umeme wa bwawa la Matebe, ambalo lilianza kufanya kazi mwishoni mwa mwaka 2015, umewapa watu wengi friji, na barafu siku hizi haitafutwi mbali. Lakini bonge lake lilikuwa uchi, juani, na kufika saa saba lilikuwa limekwisha. Nikamwambia alifunike kwa blanketi. Akacheka hadi akashika mbavu: “Mwalimu, blanketi ni moto! Litaiyeyusha barafu yangu!”

Sikubishana naye. Nilimwomba vikombe viwili, tukatia vipande vya barafu sawasawa, kimoja tukakiacha wazi, kingine tukakifunga kwa kipande cha blanketi la zamani, tukaviweka kivulini. Tulizungumza habari za mpira. Baada ya saa moja na nusu kikombe kilicho wazi kilikuwa maji matupu. Tukafungua kile kingine: kipande cha ukubwa wa ndimu bado kilikuwa kinaelea. Alikishika mkononi akanyamaza.

Blanketi halina moto wake. Usiku linakupa joto kwa sababu wewe ndiye mwenye joto, nalo linalizuia lisitoke. Mchana linailinda barafu kwa sababu hewa ya nje ndiyo yenye joto, nalo linalizuia lisiingie. Wajukuu zangu, shikeni hili kuliko yote: baridi haitembei. Kinachotembea ni joto, na siku zote linatoka kwenye kitu cha moto kuelekea kwenye kitu cha baridi, haligeuki. Soda haipokei baridi kutoka kwa barafu. Inaitolea barafu joto lake. Na barafu ina tumbo kubwa: kilo moja ikiyeyuka inanyonya joto la kutosha kupoza lita 4 za maji kwa digrii 20. Kazi ya chombo ni kumchelewesha msafiri huyo au kumwahisha, basi. Gunia, maranda ya seremala, magazeti makavu yaliyokunjwa, vyote vinamchelewesha, kwa sababu vimekamata hewa iliyotulia ndani yake. Vikilowa vimekwisha kazi.

Chombo kinachomchelewesha kuliko vyote ninachokijua kipo juu ya kabati langu. Ni chupa ya chai, termosi ya mke wangu, rangi yake nyekundu imebanduka, mpini umefungwa kwa waya. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, anga la kaskazini likawa jekundu, tulitoka mbio kisha tukarudi alfajiri. Tarehe 27 tukaamriwa kuuhama mji, kwa kuwa moto ulikuwa umejipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Tulikwenda upande wa Sake, kwa miguu, pamoja na umati usio na mwisho. Mke wangu aliacha masanduku, akabeba termosi. Alikuwa ameijaza uji mwepesi wa mtoto wa binti yetu. Usiku ule tulilala kwenye ukumbi wa kanisa. Asubuhi mtoto alipolia, akafungua kizibo, na mvuke ukatoka. Mama wengine waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Uji ule waligawana watoto wanne.

Kilichofanya hivyo ni chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, na katikati yake hewa imenyonywa hata pamebaki patupu. Joto lina njia zake za kutoroka. Shika kijiko cha chuma kilicho ndani ya chai, utaona linavyotambaa hadi kwenye vidole. Tazama maji sufuriani, ya moto yanavyopanda na ya baridi yanavyoshuka. Kaa mbele ya mbabula, utalihisi usoni bila kugusa kitu. Kwenye ule utupu hakuna kitu cha kutambalia wala cha kubebea, na kioo kimepakwa fedha kama kioo cha kujitazamia ili joto la usoni lirudishwe lilikotoka. Limebaki dirisha moja tu, mdomo wa chupa, na ndiyo maana kizibo ni jambo kubwa. Kizibo kilichokatika usikibadilishe kwa mfuko wa plastiki uliokunjwa.

Aliyeibuni, mwaka 1892, ni James Dewar, Mskochi aliyefanya kazi London, na hakuwa akifikiria chai. Alikuwa na hewa alizozigeuza kimiminika kwa ubaridi wa kutisha, anatafuta namna ya kuzizuia zisichemke na kupotea. Chupa ya chai ilizaliwa kwa ajili ya baridi! Wajerumani ndio waliokuja kuifanya bidhaa ya nyumbani mwaka 1904, wakaipa jina la Thermos, na Dewar, ambaye hakuisajili haki yake, akaenda mahakamani akashindwa. Basi mwenye termosi anaweza kuuza tangawizi ya baridi mchana kwa chombo kilekile alichouzia chai asubuhi, akikiosha vizuri. Kabla ya kutia chai, isuuze kwa maji ya moto dakika mbili, vinginevyo kioo cha ndani kitakula joto la chai yako ya kwanza. Ijaze karibu na mdomo. Nusu chupa inapoa haraka kuliko chupa nzima. Na iwekwe mbali na watoto wanaotambaa, maana chai iliyotoka termosi bado inaweza kuubabua mkono wa mtoto saa tano baada ya kutiwa.

Juu ya hao wateja wanaotaka chai inayounguza, nina neno. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, walioko Lyon Ufaransa, walitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto kupita digrii 65 huenda kunaleta saratani ya koo, lile bomba la chakula. Kosa si la chai wala la kahawa. Ni la moto wenyewe, unaochoma ngozi laini ya ndani kila siku, mwaka baada ya mwaka. Chai ya kutoka kwenye termosi nzuri inakuwa juu ya hapo. Mwambie mteja asubiri dakika chache, au uimimine kutoka kikombe hadi kikombe mara tatu, nne. Wazee wetu walioimwaga kwenye kisahani na kuivuta taratibu walikuwa wanajua wanachofanya: kisahani ni kipana, mvuke unatoka haraka, na mvuke ndio unaoondoka na joto.

Kikombe nacho kina tabia yake. Cha alumini kinaunguza midomo hata chai ikiwa ya kunyweka, kwa kuwa chuma hicho kinalipitisha joto upesi mno. Glasi nene hupasuka ukiimwagia chai ya moto ghafla, kwa sababu upande wa ndani unatanuka wakati wa nje haujapata habari. Tia kijiko kwanza, kipokee pigo. Chupa ya kioo iliyojaa maji usiiache kwenye barafu usiku kucha, maana maji yakiganda yanatanuka karibu sehemu moja ya kumi na moja, na hakuna kioo kinachoweza kuyazuia. Na tafadhali, tafadhali sana, msitie chai ya moto kwenye chupa za plastiki za maji. Nimeona moja ikijikunja mkononi mwa dereva kama jani lililokauka. Plastiki ile inaanza kulegea kwenye digrii 70 na kitu, na inapolegea inaachia vitu vyake ndani ya chai. Kisha hutupwa, mvua huisukuma ziwani, na maji huisukuma hadi bwawa la Ruzizi kule Bukavu, ambako takataka za namna hiyo zimekuwa zikiziba mitambo ya umeme.

Nimetaja ziwa, na siwezi kuwaacha bila kulizungumzia, kwa kuwa mnakaa kando ya chombo kikubwa kuliko vyote.

Fungua soda ya baridi: inatoa mlio mdogo, mapovu machache. Fungua soda iliyokaa juani: inakumwagikia shati. Ndani mna hewa ya ukaa iliyoyeyushwa kwenye maji kwa nguvu. Maji ya baridi huishikilia vizuri, maji ya moto huiachia. Kizibo kikiwa kimefungwa, mgandamizo unaizuia. Kikifunguliwa, inatoka. Ziwa Kivu lina kina kinachofika karibu mita 485, na huko chini, chini ya uzito wa maji yote hayo, kuna hewa ya ukaa iliyoyeyuka kiasi cha kilomita za ujazo 300 hivi, na methani karibu 60. Hakuna kizibo cha bati. Kizibo ni maji yenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wangu aliye makini aliliulizia: nilifundisha kwamba maji ya moto hupanda, mbona maji ya chini kabisa ya Kivu yana joto zaidi kidogo kuliko yale ya katikati na hayapandi? Kwa sababu yamebeba chumvi nyingi na hiyo hewa ya ukaa, yakawa mazito. Uzito umelishinda joto. Basi tabaka zimelala moja juu ya nyingine kwa karne nyingi.

Kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa dogo la Nyos lilifunguka usiku. Hewa ile ilitoka, ikashuka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1,700 na ng'ombe wao. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi, inatambaa chini kama maji. Sisi tunaifahamu kwa jina letu wenyewe: mazuku. Ndiyo hiyohiyo iliyo ndani ya sukre yako. Katika mashimo na mianya ya mawe upande wa Keshero, Mugunga na Bulengo inatoka ardhini na kujikusanya, hasa asubuhi ambapo upepo haujaamka. Mbuzi anaanguka wakati mwenye mbuzi amesimama salama, kwa kuwa pua ya mbuzi iko chini. Mtoto anayeinama kuokota kuni yuko mahali pa mbuzi. Mkiona ndege na panya wamekufa kwenye shimo, msishuke, hata mkimwona rafiki yenu ameanguka humo. Kimbilieni watu wazima wenye kamba.

Lakini chombo hicho kinaweza kutumika kwa akili. Kuanzia mwaka 1963, kiwanda cha bia cha Gisenyi, hapo ng'ambo ya mpaka tunaouona kwa macho, kilipata methani ya ziwa hili kwa ajili ya mitambo yake ya kuchemshia. Yaani kinywaji kilipikwa kwa moto uliotoka majini. Na tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, unatoa umeme wa megawati 26. Namna wanavyoitoa gesi ni ya soda tupu: bomba linashushwa kilindini, maji yanapanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka yenyewe. Siku moja upande wetu nao utafanya hivyo, na watakaofanya watatoka kati yenu. Ndiyo sababu ninawachosha na habari za sufuria.

Maana hata mimi sikujifunza kuheshimu sufuria kwenye kitabu. Nilijifunza kwa habari ya mwanafunzi wa Tanganyika, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yalichemshwa na sukari, kisha yalitakiwa yapoe kwanza ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinakwisha, Mpemba akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila moto. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Alipokuja Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwahutubia, kijana akasimama mbele ya wote akauliza kwa mara nyingine. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar, akapima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari hiyo kwa pamoja. Dunia nzima ikaiita kwa jina la Mpemba. Wengine bado wanabishana: mwaka 2016 wataalamu wawili, mmoja wa London na mwingine wa Cambridge, walipima tena, wakasema hawakuuona ushahidi. Ubishi huo ni mzuri, unaendeshwa kwa vipimajoto. Ninachokipenda ni yule kijana aliyeamini alichokiona kwa jicho lake na akarudi kuuliza mara ya tatu.

Ninyi mnagusa moto na barafu kila siku kuliko profesa yeyote. Mnajua chai yenu inapoa baada ya muda gani, ni chombo kipi kinavuja joto, ni soda ipi itakumwagikia. Yaandikeni kwenye daftari la duka, kando ya hesabu za madeni. Msinikubalie mimi kwa sababu nina mvi.

Yule binti wa karibu na sanamu ya Chukudu sasa anafunika sufuria yake kwa sahani kubwa ya alumini, kwa kuwa kifuniko hajakipata bado, na ameniambia kopo moja la makala linabaki kila siku. Kipimajoto changu kipo nyumbani, kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya droo. Anayetaka kupima chai yake, maji yake au barafu yake, aje akiazime. Nawaomba kitu kimoja tu: mkirudishe kizima, maana kuna mwenzenu anakingojea.